Pancha sita kati ya Bombolulu na Shimanzi: masika ya Mombasa kwa baiskeli

Nimesharudi Malindi. Baiskeli iko uani, na chini ya madigadi bado kuna tope la Shimanzi lililokauka, jeusi, lenye harufu ya dizeli. Haya nayaandika kutoka kwenye daftari langu, lililorowa mara mbili, na picha za simu. Palipofutika wino, picha zimenikumbusha.

Nilikwenda Mombasa kwa kazi ya siku tisa: kuhesabu mali katika ghala moja huko Shimanzi. Malazi kwa Khalati, dada ya mamangu, Bombolulu. Niliamua kwenda na baiskeli yangu kwa sababu mvua ikinyesha nauli hupanda na matatu hukwama kwenye maji hata saa nzima. Safari ni kama kilomita nane kwenda: Bombolulu, Kongowea, Daraja la Nyali, Buxton, Saba Saba, Shimanzi. Mvua nilijiandaa nayo. Pancha sikujiandaa nazo, na ndizo zilizojaza daftari.

Jumapili, 11 Mei. Malindi hadi Bombolulu

Utingo alitaka shilingi 500 za baiskeli, sawa na nauli yangu mwenyewe. Tulivutana tukafika 300. Nilipanda mwenyewe juu ya keria kuifunga, nikatia kitambaa kati ya pedali na mizigo ya watu. Ukisafiri na baiskeli juu ya gari, fanya hivyo. Usimwachie mtu mwenye haraka. Na pampu uishike mkononi, juu itadondoka.

Mvua ilitukuta Kilifi. Mtwapa tulisimama sana, barabara inapanuliwa na magari yanapishana kwa zamu kwenye tope. Bombolulu nilishuka magharibi. Khalati alikuwa ameshapika wali na samaki wa kupaka. Alipoiona baiskeli alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama nimekosa nauli.

Jumatatu, 12 Mei. Pancha ya kwanza na ya pili

Niliondoka saa kumi na mbili na nusu, koti la mvua juu ya dera na suruali ndani. "Na mvua hini, mwanangu? Panda gari," Khalati akasema, lakini alinifungia mahamri manne kwenye gazeti.

Kingo za barabara ndipo mwendesha baiskeli hupita, na ndipo maji ya mvua huzoa na kuacha kila kitu: vioo, misumari, kokoto kali, vipande vya waya. Karibu na soko la Kongowea, kwenye majani ya kabeji na tope la malori ya vitunguu, nyuma ikaanza kuyumba. Tairi la nyuma lilikuwa limelala.

Fundi wa njiani alikuwa chini ya mwavuli mkubwa, na karai la maji mbele yake. Alifungua tairi upande mmoja, akaivuta tyubu nje, akaitia upepo na kuipitisha majini mpaka mapovu yakaonekana. Msasa, solusheni (gundi ya viraka), kiraka cha tyubu kuukuu, nyundo mara tatu. Dakika kumi, shilingi 50. Nilifurahi alivyofanya haraka, nikawahi kazini.

Saa kumi na moja jioni nikaikuta tena imelala. Mlinzi wa ghala aliniazima pampu yake. Nilitia upepo pale, nikasimama Saba Saba kutia tena, nikasimama tena baada ya daraja, kisha Kongowea. Fundi wa karibu na kwa Khalati alinionyesha tundu jipya, upana wa kucha moja tu kutoka kwenye kiraka cha asubuhi. "Kiraka hakikushika vizuri," akasema. Hamsini nyingine. Nilimwamini, maana mimi nami niliona hivyo hivyo.

Jumanne, 13 Mei. Pancha ya tatu, juu ya daraja

Mvua ilianza kabla ya adhana ya alfajiri na haikuacha. Daraja la Nyali, hili la sasa lililofunguliwa mwaka 1980, halina pa kujikinga. Upepo wa kusi ulikuwa usoni, maji yakiingia shingoni, na chini mkono wa bahari umekuwa rangi ya chai ya maziwa. Katikati nikasikia rimu inagonga kwenye maungio ya daraja, ngu, ngu. Nyuma tena.

Safari hii nilikuwa na viraka vyangu na solusheni. Nikainama ukutani kujaribu kuziba. Sitasahau: solusheni ilipogusa tyubu yenye maji iligeuka nyeupe kama tui, na kiraka kikateleza chini ya kidole changu kama sabuni. Nilijaribu mara mbili. Nikakaa nayo pale, mikono inatetemeka.

Akaja mwenye mkokoteni wa madafu, anatoka bara kwenda mjini. Hakuniuliza maneno mengi. "Ipandishe hapa, dada." Tukailaza baiskeli juu ya madafu, yeye akivuta mimi nikisukuma, mpaka Buxton. Nilimtolea shilingi 100 akakataa. Nikamgawia mahamri, hayo akayapokea, tukala wawili chini ya kibanda huku maji yakipita miguuni.

Fundi wa Buxton alisema tyubu imechoka kwa viraka, akaniuzia mpya kwa 350 pamoja na kuitia. Ya zamani nikaitia mkobani. Sikujua kwa nini niliiweka, ila mamangu alitulea hivyo, kitu hakitupwi barabarani. Tyubu ile kuukuu ndiyo iliyokuja kuniokoa.

*Kwa atakayepita njia hii wakati wa masika: kiraka hakishiki kwenye mpira wenye maji, hata ukibana vipi. Bora ubebe tyubu nzima ya akiba, ubadilishe tu, viraka ufanyie nyumbani. Ibebe ndani ya mfuko wa plastiki wenye poda kidogo, isigande wala isisuguliwe na spana.*

Jumatano, 14 Mei. Pancha ya nne, na mzee wa Kengeleni

Asubuhi tyubu mpya, ambayo haijatimiza hata siku moja, ilikuwa chini. Nilienda kazini kwa matatu na tuktuk, 180 kwenda, 200 kurudi kwa sababu ya mvua. Siku nzima nilihesabu magunia huku nikiiwazia tairi ile.

Jioni jirani wa Khalati aliniambia, usiende kwa hawa wa njiani, nenda kwa mzee yule wa Kengeleni. Nikaikokota. Kengeleni pameitwa hivyo kwa ile kengele ya Freretown, makazi ya watumwa walioachwa huru yaliyoanzishwa mwaka 1875. Mzee ana kibanda cha mabati, benchi moja, na matairi yametundikwa kama mikeka. Kofia yake ya vito ilikuwa safi kuliko kitu chochote mle ndani.

Nilimwamkia, nikamweleza. Hakushika baiskeli. Aliuliza kwanza:

"Tyubu ya kwanza umeitupa?"

"Ninayo, babu."

"Nipe."

Akaitoa na ile mpya kwenye gurudumu. Akatandika gunia, akazilaza zote mbili, valvu kwa valvu, akazinyoosha kwa kiganja. Kisha akaweka kidole kwenye viraka vya ile ya zamani, vyote vimesongamana mahali pamoja, akavuka na kidole hicho hicho mpaka kwenye tyubu mpya. Tundu lilikuwa pale pale. Umbali ule ule kutoka kwenye valvu, kama shibiri mbili na nusu.

"Waona? Si tyubu. Tairi lako lina mgeni."

Akaeleza. Mafundi wote watatu walifungua tairi upande mmoja tu, kwa hiyo tairi halikuzunguka kwenye rimu. Kilichoingia siku ya kwanza kimebaki mahali pake, kikidunga kila tyubu inayokuja. Kwa kuwa hakujua tyubu iliwekwa kwa upande upi, alipima shibiri mbili na nusu kutoka valvu kwa huku, na shibiri mbili na nusu kwa kule, akatia alama ya chaki mahali pote pawili.

Nikapitisha kidole ndani ya tairi, penye chaki. Sikuhisi kitu. Akanizuia mkono, alisema nitajikata. Akachana pamba kidogo, akaifinya iwe laini, akaipitisha polepole ndani ya tairi. Mahali pa kwanza ilipita. Mahali pa pili ikanasa. Uzi mmoja mweupe ulibaki umesimama peke yake ndani ya mpira mweusi.

Alilipinda tairi kwa magoti mpaka mpira ukafunguka, akaingiza ncha ya koleo ndogo. Kilichotoka kilikuwa waya mwembamba kama unywele, mfupi kama punje ya mchele. Aliniwekea kiganjani. Hiyo ni nyuzi ya chuma ya tairi la lori, alisema. Lori likipasua tairi, nyuzi hizo humwagika barabarani, na njia ya kwenda bandarini zimejaa. Ukizungusha gurudumu huoni kitu kwa nje. Tairi likiwa na upepo na uzito wa mtu juu, waya husukumwa ndani. Ukishuka, hurudi. Ndiyo maana upepo hutoka polepole, ukadhani kiraka ni kibovu.

Picha ya waya ule ninayo, umelala juu ya mstari wa kiganja changu. Niliupiga mara sita mpaka simu ikauona.

Alipolirudisha tairi, alilizungusha mpaka maandishi ya ubavuni yakakaa sawasawa na valvu. Alisema ukiweka hivyo kila mara, tundu la tyubu litakuonyesha lenyewe pa kutafuta kwenye tairi. Akaniambia niseme mwenyewe maneno hayo, nikayasema. Akadai 50, bei ile ile ya wenzake.

Alhamisi, 15 Mei

Jua lilitoka. Nilienda nikarudi, nikala viazi vya rojo na kachri Saba Saba, shilingi 60. Hakuna la kuandika.

Ijumaa, 16 Mei. Pancha ya tano

Hii ilikuwa kosa langu. Kuna kijana aliniambia mvua ikinyesha upunguze upepo, tairi lilale kidogo lishike barabara. Ni kweli kwamba hushika. Lakini jioni, baada ya Tononoka, maji yalikuwa yamefunika barabara yote na sikuona shimo. Gurudumu la mbele liliingia mpaka rimu ikagonga ukingo wa lami. Upepo ulitoka papo hapo, kwa sauti.

Dereva wa tuktuk aliyekuwa nyuma yangu alisimama akawasha taa za hatari, akanikinga na magari mpaka nikavuka. Abiria wake, mama mmoja mwenye mfuko wa muhogo, alishuka majini kunisaidia kuinyanyua. Sikupata hata kumwona uso vizuri. Nikaikokota mpaka nyumbani, mwendo wa saa moja na robo.

Nyumbani niliitia tyubu kwenye ndoo: matundu mawili, yamekaa sambamba kama meno ya nyoka. Ukiona mawili hivyo, usitafute mwiba. Tyubu imebanwa kati ya rimu na ukingo wa shimo kwa sababu upepo ulikuwa mdogo.

Jumamosi, 17 Mei. Kengeleni tena

Kazi iliisha saa saba mchana. Nilienda kwa matatu, gurudumu la mbele nikiwa nimelibeba mkononi, na kwa mzee nilikaa mpaka alasiri. Aligundua shimo lile limechana pia ubavu wa tairi, nyuzi zinaonekana. Alikata kipande cha tairi kuukuu, kirefu kama kidole cha kati, akakichonga kingo mpaka zikawa nyembamba, akakibandika kwa ndani. Hicho hukiita gaita. Bila hicho tyubu ingejitokeza kwenye mchano na kupasuka. Shilingi 100 pamoja na viraka viwili.

Nikamwuliza kwa nini pancha hunijia wakati wa mvua tu, na kiangazi sipati hata moja. Alichukua kipande cha tyubu na kisu chake. Akakata pakavu: kisu kilikwama, mpira ukajikunja. Akakichovya kisu majini, akakata tena. Kikapita kama kinakata papai. "Kioo nacho ni kisu," akasema. Maji hulainisha, kikaingia pasipo kushikwa na mpira. Tena tairi lililorowa hugandwa na vichanga na vioo vidogo, na kila mzunguko huvisukuma ndani zaidi.

Kuhusu upepo, alinionyesha maandishi ubavuni mwa tairi langu la 26 x 1.95: kuanzia 40 hadi 65 psi, kipimo cha nguvu ya upepo. Mimi nilikuwa labda kwenye 25. Tukakubaliana 50. Gumba lako likilibonyeza tairi liingie kidogo tu, kama kwenye embe ambalo halijaiva. Tahadhari moja: pampu ya kituo cha mafuta ni ya magari, hujaza kwa sekunde chache. Ukiitumia, bonyeza kidogo kidogo ukipima, la sivyo tyubu itapasuka.

Jumapili, 18 Mei

Mapumziko. Khalati alipika pilau. Nilimtumia binamu yangu picha ya waya. Yeye huishi Norwich, Uingereza, na huenda kazini kwa baiskeli hata majira ya baridi. Alinijibu kwa sauti, dakika nne. Kumbe kilio ni kimoja. Kwao ni Desemba mpaka Februari: mvua huzoa mawe ya gumegume hadi kingoni mwa njia, na wakulima hupunguza nyua za miba wakati huo, miba hubaki barabarani. Giza huingia saa kumi jioni. Anasema alipata pancha tatu katika wiki moja, na vidole vilikuwa vimekufa ganzi hata hakuweza kufungua kifuniko cha valvu. Baridi nayo hupunguza upepo, tairi ulilojaza ndani ya nyumba hulegea ukitoka nje.

Yeye sasa amenunua matairi ya Schwalbe Marathon Plus, yenye tabaka la mpira la milimita 5 chini ya meno. Ni mazito, alisema, lakini hajashuka tena njiani. Hapa kwetu mzee ana dawa ya karibu: huichana tyubu kuukuu kwa urefu, akaivisha ile mpya kama soksi, ndani ya tairi. Gurudumu huwa zito kidogo. Ile ya mkobani, yenye viraka vyote, nikaamua kesho nimpelekee mzee aifanye hivyo kwa gurudumu la nyuma.

Jumatatu, 19 Mei. Pancha ya sita, niliyoziba mwenyewe

Kabla sijaifikisha baiskeli kwa mzee, pancha tena. Asubuhi, Saba Saba, kioo cha chupa, gurudumu la nyuma. Manyunyu yalikuwa mepesi. Nikaingia chini ya baraza la duka la vipuri ambalo halijafunguliwa. Mwenye duka alipofika na funguo nilijua atanifukuza. Aliniletea kigoda, na kitambaa kikavu.

Tundu lilikuwa shibiri moja kutoka valvu. Nikaenda kwenye tairi, shibiri moja kutoka kwenye maandishi, na kioo kilikuwa pale, cha kijani, kimezama mpaka nusu. Nilikitoa kwa pini. Nikakausha tyubu kwa kitambaa mpaka ikawa haina hata unyevu, nikapiga msasa mpaka weusi ukafifia, nikapaka solusheni nyembamba, nikangoja. Hapo ndipo watu wengi huharibu. Solusheni lazima ikauke mpaka ukiigusa ikunate bila kukulowesha, kama dakika tano. Mwenye duka alinipa chai ya tangawizi ninywe nikingoja. Kisha kiraka, nikakibana kwa kitako cha bilauri ile ile ya chai. Nilifika kazini nimechelewa dakika ishirini na tano na sikuweza kuacha kutabasamu.

Jioni mzee akaivisha soksi yake.

Jumanne na Jumatano, 20 na 21 Mei

Mvua kubwa siku zote mbili, maji mpaka kwenye pedali hapo Kongowea, pancha hakuna. Kila jioni nilizungusha magurudumu polepole barazani na kuchokoa kwa pini: vipande vinne vya kioo Jumanne, kimoja na waya mmoja Jumatano. Vyote vilikuwa bado juu juu, havijafika ndani. Khalati alikuwa akinishikia tochi ya simu, na cha mwisho alikiona yeye.

Alhamisi, 22 Mei. Kurudi

Hesabu ya pancha kwa siku hizo: viraka na kazi ya mafundi 250, tyubu 350, soksi 50, matatu na tuktuk za Jumatano ile 380, matatu ya Jumamosi 80. Jumla shilingi 1,110. Waya ule ulikula zaidi ya nusu.

Nilipita Kengeleni kuaga, na kilo ya sukari na majani ya chai kutoka kwa Khalati. Mzee alipokea kwa mikono miwili. Kabla sijapanda alinisimamisha, akainama, akabonyeza tairi la mbele kwa gumba, kisha la nyuma. "Haya, enda salama mwanangu."

Gari la Malindi nililipata Bombolulu, 300 za baiskeli bila kuvutana. Leo ni siku ya tano niko nyumbani, naiendesha kila siku sokoni na kurudi, na sijaongeza upepo.